Shati la Mwisho Bwawani

Kila kiangazi bwawa la pale Usangu lilipopungua, ndege wa vitwitwi walishuka kutoka nchi za mbali, wakachokoa matope kwa midomo yao myembamba. Siku hizo mama mfuaji hakupiga nguo jiweni. Alizifikicha taratibu, vidole vyake vimechujuka kwa sabuni, asije akawashtua. Mwalimu Verediana, aliyekuja kuwatazama ndege kila jioni, alijua sababu: mwana wa mama huyo alikwenda kwenye migodi ya Johanesburgi siku ndege walipotua, na mama alishikilia kwamba atarudi pamoja nao. Shati aliloliacha mwanawe, mama alilifua mwisho, kila mara, ingawa halikuwa na mvaaji.

“Mama, unawaheshimu ndege kama baba mkwe!” alitania Apolonia, jirani yake waliyefua pamoja.

“Wametoka mbali, mwenzangu. Waache wale.”

Mwaka 1956 wenzi wa mwanawe walirudi kutoka migodini, wakamweleza alikozikwa. Kesho yake mama alikuja bwawani kama kawaida. Shati lilipofikiwa, alilipiga jiweni kwa nguvu zake zote, akalipiga tena, mpaka ndege wote wakaruka. Hakuinua macho kuwatazama. Alilikamua, akalikung’uta, akamwekea Apolonia begani.

“Mpe mumeo avae.”