Hesabu ya Kelele

Mwenye nyumba alikuwa na hesabu zake za umeme, na Mungu amsamehe aliyemfundisha. Eti kifaa kinachopiga kelele ndicho kinachokula umeme. Kilichonyamaza hakili kitu! Kwa hesabu hizo za kichekesho, cherehani ya fundi wa chumba cha uani ndiyo iliyokuwa inamaliza uniti za nyumba nzima.

"Mwisho wa mwezi uizime au uhame," alimwambia fundi, akimtikisia kidole puani.

Ahamie wapi, na wateja wake wote wako mtaa huu? Cherehani hiyo ndiyo iliyosomesha wanawe. Hasira zilimpanda fundi, lakini dharau ilizidi. Mtu mzima na kitambi chake, hata kugeuza kifaa asome kibandiko cha nyuma kumemshinda!

"Baba, kuna kitu kinaitwa wati," alisema. "Cherehani yangu ni wati mia. Nikishona saa kumi, ndiyo kwanza uniti moja. Hita yako ya bafuni ni wati elfu mbili. Uniti hiyohiyo inaimaliza kwa nusu saa."

"Hita?" Mwenye nyumba alicheka mpaka akakohoa. "Umewahi kuisikia hata ikikoroma?"

"Haya, tupime."

Wakazima kila kitu. Mke wa mwenye nyumba akaitwa asimame kwenye mita. Fundi alishona nusu saa, sketi nzima ya shule, na namba za mita zikasogea kidogo mno. Kisha ikawashwa hita. Kimya kabisa. Nusu saa haijaisha vizuri, uniti nzima imekwenda na maji.

"Mita mbovu hiyo," alisema mwenye nyumba.

"Mita ni ileile, baba."

Mkewe hakuwa anaitazama tena mita. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Mwanangu," alimuuliza fundi, "redio ni wati ngapi?"

"Ndogo kama yako? Kumi tu, mama."

"Kumi!" Mama wa watu aliguna. "Miaka sita redio yangu iko kabatini kwa ajili ya wati kumi. Mume wangu, lete ufunguo."

Jioni ile mwenye nyumba alioga maji ya baridi. Kama alilalamika, nani angemsikia? Uani cherehani ilikuwa inanguruma, na sebuleni redio ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho.