Meno ya Mzee Bakari

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kutoka Msambweni, maana huko wanaitia chumvi, na ilivyo yenyewe inatosha.

Mimi ni golikipa wa mpira wa mikono, shule yetu iko Kinondo, lakini siku ile tulipocheza na Msambweni nilikuwa nimeteguka mguu, basi kocha wetu, Mwalimu Wanjala, akanikabidhi mkoba wa huduma ya kwanza kwa kuwa alipotufundisha mimi ndiye niliyejibu maswali mengi (ningejua ningenyamaza). Nikakaa pembeni nikiomba, Mungu anisamehe, angalau mtu mmoja aumie kidogo.

Hakuumia mtu. Ila nyuma ya goli nikamwona mzee amelala chali juani, mdomo wazi, kofia imemwanguka. Moyo ukaniruka: kazi hiyo! Nikachechemea hadi pale, nikapiga magoti, nikamwinua kidevu, na kwa kuwa tulifundishwa kutazama kama mdomoni mna kitu cha kumkaba mtu, nikatazama, nikaona meno ya bandia yamelegea, nikayachomoa.

Mzee akafumbua macho. "Wewe mthoto, wahanya nini?"

Badala ya kushukuru kwamba yu hai, nikapiga ukelele: "Mwalimu! Maneno yamempinda! Kiharusi!"

Mchezo ukasimama, timu zote mbili zikaja mbio, na nahodha wa Msambweni akajitupa chini akilia, "Babu! Babu Bakari!" na babu kadiri alivyojaribu kumtuliza bila meno ndivyo mjukuu alivyozidi kulia, nami nimemkandamiza mabega namwambia, "Tulia mzee, usiseme, gari linakuja" (gari gani, hata sijui).

Mwalimu Wanjala akafika akihema. Akamtazama mzee, akautazama mkono wangu.

"Mwanasiti, hicho ni nini?"

"Meno, mwalimu."

"Ulimwita kwanza? Ulimgusa bega uone kama anaitika?"

Nikamnyooshea mzee meno yake. Mchezaji mmoja akacheka, na hapo basi tena.

Mzee akayasuuza meno yake kwa maji ya wachezaji, akayavaa, ndipo akanigeukia kwa upole ulioniuma kuliko kofi. "Mwanangu, alikuwa usingizini mtu. Ungesema shikamoo tu, ningeitikia marahaba."

Tangu hapo nimeapa: nikimkuta mtu amelala, namwamkia kwanza, kwa sauti, na bega namgusa. Asipoitika, ndipo nianze kelele.