Gunia la Mama Safari

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka wa ukame, mwanangu, foleni ya chakula ilianzia mlangoni mwa stoo ya kanisa ikazunguka ukuta mpaka kwenye banda la ng'ombe la mwinjilisti. Mimi nimesimama mlangoni, mtoto mgongoni, kopo la kupimia mkononi, najiona mkubwa kama meneja wa shamba la serikali. Nilikuwa kijana. Sauti yangu ilisikika barabarani, na aliyejaribu kuruka foleni alirudishwa nyuma hata kama ni shemeji yangu. Sisemi haya ili kujisifu, au tuseme najisifu kidogo, maana stoo ile niliiendesha vizuri. Wewe unayeiendesha sasa bado unajifunza.

Nimekuita kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili baada ya ibada. Ulisema familia zisizofika siku ya mgao ziondolewe, kwamba mwenye njaa ya kweli hawezi kukosa kuja. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuaibisha mbele ya watu. Sasa tuko wawili. Kunywa chai yako nikueleze habari za Mama Safari.

Wakati huo mimi na mume wangu tulikuwa tumeshuka kutoka Tlawi, kule Mbulu, pamoja na mama yake, ambaye sote tulimwita Bibi. Tukapata eneo huku Hanang, upande wa mlima unaotazama mashamba ya ngano. Ukisimama nje ya nyumba yetu uliona ngano tu, na vumbi la matrekta. Mwaka ule hata ngano ilikuwa fupi, lakini kombaini za kuvuna zilipita, na meneja akaruhusu kanisa lizoe nafaka iliyomwagika na ile iliyovunjika. Hiyo ndiyo ilijaza stoo yetu, pamoja na mahindi waliyochanga Wakristo wenzetu wa Mbulu. Kina mama hawakuizoea ngano. Walilalamika kwamba ugali wake unanata, wakaambiwa wachanganye na mahindi, wakachanganya, wakaendelea kulalamika huku wanakula.

Mama Safari alikuwa jirani yetu, rika langu, na tulikuwa tunaimba kwaya pamoja. Mume wake alikuwa amepeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho, kwa sababu hapa majani yalikuwa yamekauka na mbuga za zamani zilikuwa zimelimwa. Alimwachia mke wake watoto wawili, Safari ambaye alikuwa bado hajaanza shule, na kichanga cha kunyonya. Kile kichanga kikafa.

Wewe umekulia mjini Katesh kwa hiyo nitakueleza. Kwetu Wairaqw nyumba ikipatwa na msiba wa namna ile, inakaa metimani. Maana yake inajitenga. Watu wa nyumba hiyo hawaingii kwa wengine, wengine hawaingii kwao. Hawachoti maji pamoja na watu, hawaazimi moto wala chumvi, hawasimami kwenye mkusanyiko, mpaka wazee waseme muda umekwisha. Watu waliogopa kwamba kifo kitafuata nyayo na kuingia kwenye nyumba nyingine yenye watoto. Kanisa lilifundisha kwamba Mkristo hafungwi na mambo hayo, lakini hofu, mwanangu, haibatizwi kwa siku moja.

Jumamosi ikapita, Mama Safari hakuonekana kwenye foleni. Ikapita nyingine. Mwinjilisti wetu alikuwa kijana mwenye moyo mzuri na kichwa kigumu. Akasema chakula kiko kanisani, mlango uko wazi, na tukianza kuwapelekea walioko metimani tutakuwa tumeikubali mila kwa mlango wa nyuma. Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa naangalia paa la Mama Safari kila asubuhi nikienda kutafuta kuni. Mwanzoni moshi ulitoka asubuhi na jioni, baadaye jioni tu. Kisha ikafika asubuhi nikamwona Safari amekaa nje, anachimba ardhi kwa kijiti, anaweka kitu mdomoni. Roho iliniuma sana. Nilirudi nyumbani nimepandwa na hasira, na hasira yangu enzi zile haikuwa ya kuchezea.

Nikafungua stoo, nikajaza gunia, nikajitwisha. Nilikuwa nimeamua kwenda kwa Mama Safari mchana kweupe, niingie ndani kwake, nikae, nimpikie, kisha nirudi nikapime chakula kama kawaida. Nilitaka kijiji kizima kinione. Nilitaka na mwinjilisti anione.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Aliniona nikipita na gunia kichwani na mjukuu wake mgongoni, akajua ninakokwenda. Bibi alibatizwa ukubwani na alisali kuliko mimi, lakini alikuwa anaijua nchi hii na watu wake. Hakupandisha sauti.

"Ukitoka kule," akaniuliza, "nani atapokea chakula kutoka mkono wako?"

Nikamjibu kwamba wasiotaka wasipokee, mimi siogopi.

"Wewe huogopi, ni sawa. Lakini Jumamosi utasimama na kopo lako peke yako, na wale wote wa kwenye foleni watalala njaa pamoja na watoto wao. Na mtoto wa mtu akiugua wiki hiyo, watasema ni Mama Safari ameuleta ugonjwa kwa mguu wako. Ujasiri ni wako, lakini atakayelipa ni yule mwanamke. Tua hilo gunia."

Nilitua. Nilikuwa nataka kulia, si kwa huzuni, kwa hasira ya kuambiwa kweli. Nikamwambia basi tumwache afe. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia ndama mjinga, akasema hakuna aliyesema afe, amesema tu nifikiri kabla ya kutembea.

Ndipo akanifundisha. Akaniuliza, nikimpa ngano nzima ataisaga wapi, na mashineni haruhusiwi kufika? Nikaona kwamba sikuwaza hilo. Akaniuliza, nikipeleka kwenye debe, debe litarudije? Chombo kikiingia kwenye nyumba ile hakiwezi kurudi kwa watu. Kwa hiyo tukasaga ngano na mahindi kwa jiwe, mimi na yeye, mpaka mikono ikatutoka malengelenge. Tukatia unga kwenye kigunia kikuukuu ambacho hakuna atakayekidai. Tukaongeza maharage yake mwenyewe, chumvi na kiberiti. Akanionyesha mahali pa kuweka, pembeni mwa shamba lao, kwenye jiwe la mpaka, ambapo mtu wa nje anaruhusiwa kufika na wa ndani anaruhusiwa kuja. Niweke, nirudi nyuma hatua za kutosha, niite kwa sauti. Nisiondoke kimya kama mwizi.

Nikaenda. Nikaweka. Nikaita, "Mama Safari, hujambo huko? Kanisa linakusalimu."

Akatoka, amekonda, nguo inamning'inia. Hakulisogelea gunia. Alisimama mbali akanitazama mimi na mtoto wangu, akaniambia nirudi nyuma zaidi, upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwangu. Nikarudi nyuma. Ndipo akaja, akapiga magoti, akatia mkono kwenye unga. Nikamuuliza, kwa nini hukuja Jumamosi, kwa nini hata hukuita mtu? Nilisema kwa ukali kidogo, sikuweza kujizuia.

Akasema, "Mwambie mwinjilisti sijaacha kanisa. Siku ya foleni kila mama amebeba mtoto. Mimi nimeshazika wangu. Nikija nisimame kati yenu, na kesho mmoja afe, nitaishije? Nakaa huku kwa ajili ya watoto wenu."

Mwanangu, nilikuwa nimemhurumia kama mtu aliyefungwa na woga. Kumbe alikuwa anavumilia njaa, na mwanawe naye anavumilia, ili wangu awe salama. Nililia njia nzima, na safari hii haikuwa hasira.

Nilimpelekea mwinjilisti maneno yale bila kuongeza wala kupunguza. Sitasema alibadili mahubiri yake, hakubadili, na sikumtaka abadili. Lakini Jumapili baada ya ibada alichukua Biblia yake akaenda kwenye jiwe la mpaka, akasimama juani, akamsomea Mama Safari kwa sauti kubwa, naye akasikiliza akiwa mlangoni kwake na Safari mapajani. Toka hapo chakula cha jiweni kikawa sehemu ya mgao. Wengine walionung'unika waliendelea kunung'unika, na mimi niliendelea kuwapimia kopo lilelile.

Mvua zilipokuja wazee wa mila wakasema muda umekwisha. Nyumba ikafanyiwa yaliyopaswa, mwinjilisti naye akaiombea, na Jumamosi iliyofuata Mama Safari akaja mwenyewe. Alisimama mwisho wa foleni. Mbele yake palibaki nafasi ya kulaza ng'ombe. Hakuna aliyemtukana, hapana, walisogea tu, mmoja akavuta kanga kumfunika mtoto uso. Mama Safari aliona. Akaanza kugeuka aende zake.

Mimi mwenye mdomo wangu wote niliendelea kupima. Bibi ndiye aliyeinuka kutoka kwenye benchi. Akaja nyuma yangu, akafungua fundo la kanga yangu, akamchukua mjukuu wake, na kuninong'oneza, "Ule ujasiri wako wa siku ile, leo ndiyo siku yake."

Akanirudishia mtoto mikononi. Nilitembea kando ya foleni yote mpaka mwisho, watu wakiniangalia, nikamwekea Mama Safari mwanangu kifuani. Nilimwambia anishikie, nina kazi ya kupima. Alimshika. Akamweka begani, akaanza kumbembeleza. Nilirudi mlangoni nikapima chakula mpaka foleni ikaisha, na nilipofika kwake mtoto alikuwa amelala, na ile nafasi mbele yake ilikuwa imejaa watu.

Mtoto yule alikua. Ndiye mama yako.

Sasa sikiliza shauri langu. Usiondoe familia yoyote kwenye mgao kwa sababu haikuja. Yule mzee wa njia ya Tumati, yule binti aliyepata mimba akiwa kwa wazazi wake, zile nyumba za wafugaji kule mbugani, kila mmoja ana kinachomzuia, na huenda anakuzuilia wewe balaa usilolijua. Uliza kwanza. Ukishajua, mpelekee, na umpelekee kwa njia ambayo yeye anaweza kuipokea na ambayo haitamletea aibu wala lawama ukishaondoka. Chakula kiwe tayari kupikwa pale alipo, kwa vyombo alivyo navyo. Usikawie mpaka watu wote wakubaliane nawe, maana njaa haisubiri kikao. Na siku ya kusimama mbele ya watu ikifika, utaijua. Siku hiyo usitume mtu.

Nenda sasa, stoo inakungoja. Mungu aliyetunyeshea mvua mwaka ule akunyeshee na wewe. Mkono wako upime kwa haki, mguu wako ufike kwenye kila mpaka, na mtoto utakayembeba akue mpaka awachoshe wajukuu kwa hadithi kama hizi. Na hilo kopo uliache hapa niliangalie, nasikia siku hizi mnapima chini ya mdomo wake.