Matanga ya Bibi Aliye Hai

Majani yakianza kupukutika, chuoni kwetu watu wanashikwa na wazimu. Mwanafunzi aliyesinzia darasani tangu afike anaamka, anakwenda bustanini, anaokota majani mekundu, anayatunga kwenye uzi na kuyatundika ukutani, kisha anatuambia kwamba ile ni huzuni. Jirani yangu wa meza, msichana mpole mwenye nywele za kijani, alishona koti zima la majani. Lilipokauka likaanza kumvunjikia mwilini, akasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Kwenye chuo cha sanaa hakuna ajali, kuna makusudio yaliyochelewa kutangazwa. Nilimpenda sana, na hadi leo tunanunuliana kahawa.

Msimu huo huo kuna Jumamosi ya milango wazi. Kila mmoja anapewa kipande cha ukumbi, anaweka kazi yake, anaalika watu wake. Mwalimu wetu, mama mrefu wa viatu vya mbao, anayezungumza taratibu kama anayebembeleza mtoto alale, alikuwa na neno moja mdomoni: jamii. Leteni jamii zenu. Wenzangu walikuwa na jamii za kubebeka, yaani baba, mama na mbwa. Jamii yangu mimi ni akina mama wa kanisani kwetu Etobicoke, huku Kanada, Wakongo na Warundi, na ukimwalika mmoja wao umealika basi zima. Nilimweleza mwalimu hivyo. Akasema vizuri sana, ukumbi ni mkubwa.

Kulikuwa na sharti jingine. Watazamaji wakiingia, mwenye kazi anasimama kando na hafungui mdomo mpaka mwalimu amruhusu. Eti ukieleza mapema unawaziba watu macho. Mimi nimezaliwa kwenye ukoo ambao hata marehemu anasimuliwa mpaka atake kuinuka kujitetea, kwa hiyo sharti hilo lilinitesa kuliko hesabu.

Kazi yangu, ambayo nyumbani sikuwa nimemwambia mtu, ilikuwa bibi. Ni mama yake mama, na anaishi Uvira. Tulipokimbia vita alikataa kutoka nyumbani kwake, akasema yeye na kuku wake hawana ugomvi na mtu. Sisi tukaenda Kigoma, nikakulia huko, kisha tukaletwa Kanada. Mama hajamwona tena. Siku hizi mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha na kuwalisha mama za watu wengine, halafu anarudi kwetu ghorofani na kukaa kimya. Hofu yake ni moja na nyumbani sote tunaijua: kwamba bibi atakufa, na yeye hatakuwepo kumlilia. Simu ya Uvira ikiita asubuhi mapema, mama ananawa uso kwanza ndipo aipokee.

Basi nilimchapa bibi kwa wino mweusi kwenye karatasi ndefu kama mlango. Nilimtoa kwenye picha moja ya zamani, amekaza uso, anatazama mbele kana kwamba mpiga picha amemchelewesha sokoni. Mbele yake nikapanga safu za viti vyeupe vya plastiki nilivyoazima kanisani, vitupu, maana wazo langu lilikuwa umbali. Msichana wa nywele za kijani akaona pale chini pamepwaya, akaleta vyungu vya yale maua ya manjano yanayouzwa mlangoni mwa kila duka msimu huo. Nikaona pamependeza. Mwisho nikaunganisha simu yangu na spika ili icheze sauti ya bibi akigombeza kuku, na simu yenyewe nikaizuia isipokee chochote, watu wasije wakasikia milio ya ujumbe katikati ya sanaa.

Kabla ya hapo, lakini, asubuhi hiyo hiyo ya Jumamosi, nilikuwa nimepiga picha ya kona yangu nikaituma kwenye kundi la akina mama. Chini yake niliandika: Karibuni leo Jumamosi, saa sita mchana, na anwani ya chuo.

Sasa wewe jaribu. Picha kubwa ya bikizee, haina rangi. Maua chini yake. Viti vyeupe vya kanisa. Siku, saa na mahali. Mtoto wa miaka mitano wa kwetu, hata yule anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, angekwambia hicho ni nini. Mimi niliyefundishwa kusoma picha nikaona umbali. Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio, lakini wahenga hawakuwajua akina mama wa Etobicoke.

Waliingia kwa pamoja, vitenge vimefungwa juu ya makoti mazito, wakiwa na chupa za chai, sufuria la maharage lililofungwa kwa taulo, na mandazi ya kulisha shule. Wakavua viatu mlangoni. Nilifurahi mpaka machozi yakanilengalenga, kwa sababu hakuna mwanafunzi mwingine aliyekuwa amepata watu wengi hivyo. Nikatulia kama maji mtungini, nikitii sharti. Mwalimu alinitazama kutoka upande wa pili na kuweka kidole mdomoni, kunikumbusha.

Walikaa kwenye viti vyangu vya umbali, vyote vikajaa. Wakaanzisha wimbo, polepole, ule wa kusindikiza. Sauti ya bibi ikatoka kwenye spika ikimfukuza jogoo, na mmoja wao akatikisa kichwa.

"Ona, balirekodi hata sauti yake," alisema kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

Mama mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mwenye kifua cha kutosha kufariji nchi, akanijia na kunikumbatia. "Lia, mwanangu. Usibebe peke yako."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikalivunja sharti. "Mama, bibi hajafa."

"Njo vile," akasema, akinipigapiga mgongoni. "Mwanzo moyo unakatalaka."

"Ni mzima. Hii ni kazi ya shule."

"Kila mutu anasemaka vile," akasema, akanibana zaidi.

Nilipofanikiwa kutoa kichwa nje, nikamwona mwalimu amevua viatu vyake vya mbao na kuviweka pamoja na vya wenzake. Alinisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, ni nani aliyefariki. Nikamwambia hakuna. Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu aliyepewa jibu zito sana, akaenda kukaa. Msichana wa nywele za kijani alikuwa tayari amekabidhiwa sinia la mandazi na alikuwa akigawa huku analia kweli kweli. Kumbe binadamu ukimpa wimbo na sinia, mengine anayajua.

Ningecheka, na huenda nilikuwa nimeanza, mama yangu alipoingia.

Alikuwa na sare ya kazi chini ya koti, na beji kifuani. Simu yake hukaa kabatini akiwa zamu. Wakati wa mapumziko aliifungua akakuta pole kutoka kwa kila mtu anayemjua, na hakuna aliyemwambia pole ya nini, maana nani anamwambia mfiwa habari anayoijua? Halafu akafungua picha yangu. Alipiga Uvira, haikupita. Alinipigia mimi, na simu yangu ilikuwa inafukuza kuku. Alipanda mabasi, akashuka, akapanda treni, safari nzima akiwa peke yake na kifo cha mama yake. Hilo bado linaniuma nikiliandika, na sina mzaha wa kuliwekea.

Hakunitazama. Alipita katikati ya viti moja kwa moja hadi kwenye picha, akaweka viganja vyake viwili juu ya karatasi, na ukatoka kwake mlio ambao sikuwahi kuusikia. Wimbo ukakatika.

"Mama," nikasema, "bibi ni mzima. Nisikilize. Ni mzima."

"Simu yake haipite tangu asubuhi," alisema bila kugeuka. "Ya kaka yangu haipite. Rezo hakuna. Ju ya nini mulinificha?"

Nikaichomoa simu kwenye spika, nikampigia mjomba kwa video. Iliita. Mjomba akapokea, akasema umeme ulikatika mchana kutwa, rezo nayo, yaani mtandao, ikapotea, na ndiyo kwanza vimerudi, kuna nini, mbona ninahema? Nikamwambia anipe bibi haraka. Tukasikia kandambili zikiburuzwa, kisha paji la uso la bibi likajaa kiooni, kwa sababu bibi hajapata kuamini kwamba simu inaona.

"Ni nani alikufa?" aliuliza. Alikuwa amesikia vilio.

Watu waliokuwa wakimwimbia walitazama sakafu. Hatimaye mama mwenyekiti akasogea, akapiga goti kidogo kwa heshima.

"Ni weye, mama."

Bibi akafikiri. "Mie? Lini?"

"Leo, mama. Tunaomba musamaha."

"Zungusha ile telefone nione bantu."

Nikaizungusha. Bibi aliwakagua safu kwa safu, akiguna. Akasema kumbe wamekuja wengi. Akauliza yule wa nywele za majani ni mtoto wa nani. Nikasema ni rafiki yangu. Akaagiza apewe chakula, amekonda. Kisha akaiona picha.

"Na ile foto ni nani aliichagula? Niko na ingine, ya kitambaa ya bleu."

Kicheko kikalipuka, kile cha watu walioponea chupuchupu. Wengine walikaa sakafuni kucheka. Mwalimu alicheka pia bila kuelewa neno. Akina mama wakaanza kukusanya sufuria na kuvaa makoti, wakinipiga makofi mepesi ya kisogoni, kila aliyepita alinipa lake. Niliona tumepona.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameichukua simu mikononi mwangu, ameishika karibu kabisa na uso, na machozi yalikuwa yakiendelea kumtoka vilevile kama alivyoingia.

"Mwanangu, nyamaza," bibi akasema. "Unaniona. Niko hapa."

"Wacha nilie, mama."

"Ya nini sasa?"

"Siku yako ya kweli mi sitafika. Unajua. Batakuzika bantu bengine, mi nitaona ku telefone." Alivuta pumzi. "Leo nalia weye unanisikia. Wacha nilie."

Kule Uvira, kwa mara ya kwanza, bibi alikuwa ameishika simu sawasawa, uso wake wote ukaonekana.

"Basi lia, mwanangu," alisema. "Lia yote. Leo rezo iko."

Akina mama wakavua makoti yao, wakakaa tena.