Zilpah na Fomu ya Skii

Zilpah hakuwa amelewa. Kanisani wamesema alilewa, na kwenye simu wameongeza chumvi kwamba mjane wa marehemu Alfayo alijitia usichana kwenye theluji. Hajaonja pombe tangu aolewe. Na Davinder, aliyemfungia skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, hakukosea kitu, ingawa wanavumisha kwamba alikosea. Uvumi huo wa pili ndio uliomchosha Zilpah kuliko goti lenyewe lililoumia.

Kina mama wa kanisa walikodi basi wakaenda kwenye ukumbi wa theluji nje ya Birmingham, Uingereza. Kabla ya kupewa viatu, kila mmoja alijaza fomu: umri, urefu, uzito, na kama ni mgeni wa skii au mzoefu. Davinder, jirani yake wa mtaa wa Handsworth aliyefanya kazi pale, aliwasihi wasione haya.

"Kibano kinachoshika kiatu nakikaza kufuatana na mlichoandika," alisema. "Mgeni namlegezea, ili akianguka skii ichomoke. Isipochomoka, goti ndilo linalozunguka."

Nyambura, aliyesali benchi moja na Zilpah, akachungulia fomu yake.

"Mama Mugambi, wewe unahitaji somo la nini? Si Baba Mugambi alituambia mlikuwa mkiteleza Uswisi kila mwaka?"

"Basi atufundishe!" mwingine akadakia. "Sisi wengine tutashuka kwa makalio."

Marehemu Alfayo, huyo Baba Mugambi, alipenda sana habari za Uswisi. Alipozisimulia, Zilpah, ambaye hakuwahi kuvaa skii, alimimina chai akanyamaza. Siku hiyo pia alinyamaza, akaweka alama kwenye "mzoefu".

Wenzake walibaki chini na mwalimu, wakijifunza kusimama na kuangukia ubavu. Yeye akapanda juu, peke yake. Hakufika hata nusu ya mteremko. Skii ya kulia ilijikita kwenye theluji, mwili ukageuka, kiatu kikabaki kimeshikwa palepale.

Wiki ya sita akiwa bado anatembelea magongo, Nyambura alimletea chapati na habari.

"Yule Davinder wamemsimamisha kazi. Alhamisi wanaamua kama watamfukuza. Wewe waandikie tu wakubwa wake kwamba alikaza vibaya, hizi kelele za ulevi ziishe."

Zilpah alifumba macho. Alikuwa amechoka: na magongo, na ngazi, na salamu za watu waliokuja kunusa pumzi yake. Miaka thelathini ya unesi aliwakemea wagonjwa waliodanganya kwenye fomu. Asubuhi ile mke wa Davinder alikuwa amepita mlangoni na mboga zake, akamsalimu vilevile kama zamani.

"Nipe kalamu," alisema.

Aliandika mistari mitatu. Kwamba alijiita mzoefu, naye hakuwa. Kwamba Davinder aliwaonya wote. Kwamba alikaza kibano kama fomu ilivyomwelekeza. Akatia sahihi kwa jina lake kamili, la mume likiwemo.

Nyambura akaisoma mara mbili.

"Ngoja kwanza. Kama hukuwa mzoefu, basi ile Uswisi ya Baba Mugambi…"

"Umesoma barua?"

"Nimesoma."

"Hiyo ni habari ya goti langu. Habari ya mume wangu sikuiandika, na sitaisema. Itie posta kabla hawajafunga."

"Lakini, dada…"

"Nimemaliza, Nyambura."