Paka Aliyebeba Kifua Changu

Nilipokuwa mtoto, kifua changu kilijulikana kuliko jina langu. Watu wa kwetu, juu kidogo ya Mogogosiek, waliniita yule msichana mwenye filimbi. Kila mwezi wa sita na wa saba, ukungu ulipolala juu ya majani chai hadi saa nne asubuhi, pumzi yangu ilianza kupiga mluzi, na mama aliacha kuchuma akanibeba mgongoni hadi zahanati. Nilipokuwa na miaka saba nilikaribia kufa. Hilo silikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni siku niliporudishwa nyumbani, nikamkuta Kogo ameketi kitandani kwangu na kikapu mapajani. Kogo ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikipsigis, na huyu alikuwa mama yake baba. Ndani ya kikapu mlikuwa na paka mdogo wa kijivu aliyemleta kutoka kwa dada yake aliyeishi Merigi.

"Huyu atalala miguuni pako," aliniambia. "Paka akilala miguuni pa mgonjwa, ugonjwa hupitia miguu ukaenda kwake."

Sikuona ajabu. Tulikuwa watu wa kanisa, na Kogo mwenyewe hakukosa ibada hata mvua inyeshe vipi. Lakini alikuwa na mambo mengine ya zamani ambayo hayakugombana na kanisa. Yalikaa tu kando, kama viatu vya gambuti vya shambani vinavyokaa nje ya mlango.

Nilimwita paka huyo Karani. Alipenda kupanda juu ya meza na kututazama kama karani wa kituo cha majani anayeshuku kwamba umenyunyizia kikapu chako maji ili kiwe kizito.

Msimu wa baridi uliofuata sikubebwa mgongoni hata mara moja. Nilikohoa kidogo kama watoto wengine, basi. Aliyeugua ni Karani. Alipiga chafya mfululizo, macho yakatoa machozi, pua ikajaa makamasi. Kogo alimtazama, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona? Amechukua."

Leo najua kwamba mwaka uleule baba alimaliza kujenga nyumba ya mabati, nikaacha kulala jikoni kwenye moshi. Hakuna aliyelitaja hilo wakati ule, na hata kama angetokea mtu wa kulitaja, nyumba haipigi chafya. Karani alipiga.

Alipona, kisha mwaka wa pili akaugua tena baridi ilipoingia. Mama alitaka kumpangusa macho kwa kitambaa, Kogo akamzuia. "Mwache. Ukimponya, ile homa itarudi kwa mwenyewe." Mama alinitazama mimi, akakiweka kitambaa chini. Simlaumu. Alikuwa amenibeba mara nyingi kwenye kilima cha kwenda zahanati.

Mwaka wa tatu nilikuwa na miaka kumi, na Karani aliugua vibaya kuliko zamani zote. Macho yaliziba kwa tongo la manjano. Pua ilifungwa kabisa, akawa anapumua kwa mdomo kama mbwa aliyetoka kukimbia. Tulimwekea maziwa, hakuyagusa siku mbili. Nilipoweka sikio langu ubavuni mwake nilisikia mluzi, na mluzi ule niliujua. Ulikuwa wangu. Niliujua kama mtu anavyojua sauti yake mwenyewe. Nikainuka pale nikiwa na aibu ambayo sikumweleza mtu. Mimi nilikuwa nakimbia shuleni, naruka kamba, na kiumbe asiye na kosa alikuwa akifa kwa kifua changu.

Siku hiyo daktari wa mifugo alikuwa amekuja kumdunga ng'ombe wetu sindano. Alikuwa mtu mrefu mpole kutoka upande wa ziwa, aliyeletwa kwetu na kazi. Alipokuwa akinawa mikono nilimletea Karani.

"Daktari, huyu atapona?"

Kogo alikuwa karibu. Kiswahili alikitumia kwa wageni tu. "Daktari, hii paka si ya mchezo," alimwambia. "Hii ni ya kazi. Iko na kazi yake kwa hii mtoto."

Daktari hakucheka, na hadi leo namheshimu kwa hilo. Alichuchumaa, akafungua mdomo wa Karani, akambonyeza taratibu chini ya taya. "Nyanya," alisema, "homa ya paka ni ya paka. Haitoki kwa mtu, na haiendi kwa mtu." Kisha akanigeukia. "Hii ikishaingia haitoki kabisa. Inajificha mwilini. Baridi ikija, ama paka akisumbuka, inaamka tena. Huwezi kuimaliza, lakini unaweza kumsaidia mpaka ilale."

Akanieleza pole pole. Nipanguse macho kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, kila jicho na kitambaa chake. Nimketishe karibu na mvuke, si juu ya maji, asije akaungua. Nimpe chakula chenye harufu kali kilichopashwa moto, kwa sababu paka asiyenusa hali. Akakata vidonge kwa kisu chake, akavifunga kwenye karatasi, kipande asubuhi na kipande jioni. Hivyo, alisema, ni vya ule usaha tu.

Ningependa kusema nilimwamini. Ukweli ni kwamba nilimwamini Kogo. Daktari alijua ng'ombe. Kogo alinijua mimi, na tangu alete paka sikuwa nimebebwa tena. Kwa hiyo nilipoamua kumtibu Karani, niliamua nikijua, kwa akili yangu ya miaka kumi, kwamba najirudishia ugonjwa. Nilikaa nyuma ya zizi nikalifikiria jambo hilo kwa muda. Nilikumbuka jinsi ilivyo kutaka hewa na kuikosa. Halafu nikainuka nikaenda kutafuta omena, vile visamaki vya ziwani vyenye harufu kali.

Zilikuwa kwa mke wa mfanyakazi mmoja wa kiwandani, naye pia mtu wa upande wa ziwa, mwendo wa kama nusu saa. Mvua ilinikuta njiani kwenda na ikanisindikiza kurudi. Yule mama alinipa kiganja kizima. "Ya paka?" aliuliza. "Basi paka yenu inakula kama mtu wetu." Nilifika nyumbani nimelowa hadi kwenye mfupa, nikazipasha omena kwenye kikaango, nikajenga hema dogo kwa viti viwili na leso ya mama. Ndani niliweka karai la maji ya moto, nami nikaketi kando yake na Karani mapajani.

Kogo aliinua pindo la leso.

"Unajua unachofanya?"

"Najua, Kogo."

"Na ikirudi?"

"Ikirudi nitaikohoa mwenyewe. Ni yangu."

Nilidhani ataniondolea karai. Badala yake aliingiza kidole majini. "Yamepoa," akasema, akaenda kuleta birika.

Siku ya pili Karani alifungua jicho moja. Siku ya tatu alikula omena mbili, kisha akanililia nyingine. Siku ya nne alipanda juu ya meza. Na siku ya tano, mchana, nikiwa darasani, kifua changu kilibana.

Walinileta nyumbani nikiwa siwezi kumaliza sentensi. Onyo la Kogo lilikuwa limetimia kama lilivyosemwa, na katika kitanda kile nilingoja aseme, "Nilikuambia." Hakusema, wakati ule wala baadaye. Karani aliruka kitandani, akajikunja miguuni pangu kama kawaida yake. Kogo akamwinua kwa mikono miwili, akamkabidhi mama.

"Mpeleke jikoni," alisema. "Huyu amebeba vya kutosha."

Kisha akaketi pale paka alipokuwa, akaifunua miguu yangu, akaiweka mapajani mwake na kuifunika kwa shuka lake.

"Kogo," nilisema kwa shida, "itakuja kwako."

"Na ije, ijue njia," akajibu.

Alikaa hivyo mchana wote, na kesho yake pia, akiinuka tu kunipa dawa ya zahanati na uji. Siku ya tatu nilipumua hadi chini. Yeye alikohoa mwezi mzima, kikohozi kikavu cha watu wa jikoni, na kila nilipomwangalia alifanya kana kwamba anasafisha koo.

Karani aliishi miaka mingine mingi. Baridi ilipoingia alipiga chafya, nasi tulichemsha maji, na hakuna aliyesema tena kwamba ana kazi. Mimi nilikuja kuambiwa hospitalini Kericho kwamba nina pumu, kwamba mvua na baridi vilitosha kuniangusha siku ile, na kwamba manyoya ya paka kitandani huenda yaliniumiza kuliko kunisaidia. Nayakubali yote. Natumia dawa yangu, na nafanya kazi zangu bila woga.

Wanangu huniuliza kama naamini ugonjwa unaweza kupitia miguu. Nawajibu hapana, bila kusita. Lakini nawaeleza pia kwamba kwa mtu asiyeamini, kuweka miguu ya mtoto mapajani ni kumpasha joto tu, na nyanya yeyote angefanya hivyo. Kogo aliamini. Aliketi pale akijua kwa hakika kitu gani kinakuja, na hakusogea.