Nilipomfuta Mwende Kwenye Orodha ya Jembe

Wewe unayenisikiliza, uliyesema kwamba Jumamosi hii unakwenda kujitolea katika shamba la jamii hapa Machakos, vua saa yako kwanza uitie mfukoni. Keti. Nitakueleza polepole, maana mimi nilijifunza sehemu moja ya kazi hii kwa haraka, na haraka yangu ilimuumiza mtu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Ekalakala, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilishuka sokoni nikiwa na buti za mpira mkononi na barua ya kazi ndani ya bahasha. Watu walikuwa wameambiwa bwana shamba mpya anakuja. Bwana shamba ndilo jina ambalo wakulima humwita afisa wa kilimo wa nyanjani, yule anayezunguka mashambani kufundisha. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mbuzi alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye upindo wa rinda.

"Na bwana shamba mwenyewe yuko wapi?"

"Ndimi, mzee."

"Aiya! Wametuletea bwana aliyevaa rinda!"

Soko likacheka, nami nikacheka. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu, mimi ni Bwana Shamba. Hata watoto wangu wakitaka kunitania huniita hivyo.

Mkubwa wangu pale alikuwa Afisa Kilimo wa Tarafa, mwanamume mwembamba mwenye maneno machache. Asubuhi ya pili alinipeleka kwenye mteremko mkavu, akatoa kamba ndefu na fimbo mbili zenye urefu sawa. Katikati ya kamba alining'iniza kichupa cha kioo chenye maji na kiputo kimoja cha hewa. Hiyo ndiyo pimamaji. Watu wawili hushika fimbo, mmoja kila upande, na kamba huvutwa ikakaza. Mtu wa tatu husimama katikati akitazama kiputo. Kiputo hukimbilia upande ulio juu. Basi msomaji humwambia mwenye fimbo ya mbele "panda" au "shuka", hadi kiputo kitulie katikati ya alama mbili. Hapo hupigwa kigingi. Vigingi vikishapangwa mlima mzima, unapata mstari usiopanda wala kushuka, na kwenye mstari huo ndipo unapochimba mtaro.

"Mimi naona mstari kwa macho tu," nilimwambia, nikitaka kumfurahisha.

"Unaona nini?"

"Naona panapolingana, bwana."

"Macho yako yana haraka ya kwenda kula," alisema. "Soma maji. Ukikosea upana wa kidole, wewe hutaona. Mvua itaona."

Nilikaa Ekalakala miaka saba. Nilijifunza kwamba udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, si wa chini, na ndiyo maana tuta hilo huitwa fanya juu. Ni kazi ngumu kuliko kuuachia udongo uteremke, lakini ule ukingo wa juu ndio unaokamata udongo unaosombwa na maji, na baada ya misimu kadhaa mteremko hujitengeneza ngazi. Nilijifunza pia mwethya, ule utaratibu wetu Wakamba wa kulimiana kwa zamu. Leo kikundi kizima kiko kwako, juma lijalo kiko kwangu. Niliujua kama afisa anavyojua jambo, yaani niliuandika kwenye ripoti. Sikujua bado kilichokuwa ndani yake.

Mwishoni mwa miaka hiyo nilihamishiwa mjini Machakos. Afisa Kilimo wa Wilaya, mama mpole aliyezoea kuzungumza huku akitia sahihi barua, alinipa kazi ambayo sikuitarajia.

"Kuna akina mama wamepewa na kanisa kiwanja kule nyuma ya mtaa wao. Kimeinama sana, hakijengeki. Wanataka kulima mboga za kupelekea wagonjwa wa mtaani. Watu wa viwandani na maofisini nao wameanza kujitolea siku za Jumamosi. Nenda uwapange."

"Niwapange vipi, mama?"

"Kila mtu kulingana na nguvu zake," alisema, akageuza karatasi.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Kalekye, muuza maharagwe sokoni, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya bonde. Kila mwanachama alikuwa pia na kipande chake cha shamba nyumbani, wengine kwenye miteremko ya Iveti. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa huu: asubuhi wote hufanya kazi kwenye shamba la jamii, na baada ya chakula kikundi huenda kwa mwanachama mmoja, kwa zamu, kumchimbia matuta.

Hapa nikuambie utakachokikuta, maana wanaojitolea wengi huja wakitarajia kuvuna. Hutavuna. Siku ya kwanza utageuza mboji, yaani lundo la majani, samadi na mabaki ya jikoni linalooza hadi liwe mbolea. Utakuta fimbo imechomekwa katikati ya lundo. Ichomoe uishike. Ikiwa ya moto na ina unyevu, lundo liko hai. Ikiwa baridi, ligeuze na ulimwagie maji. Utanuka hadi Jumatatu. Utabeba maji, na ukiyamwaga juu ya majani ya miche wakati wa jua kali utakemewa na mtu mwenye umri wa bibi yako. Kubali. Mchana utapewa isyo, mahindi na maharagwe, kutoka sufuria moja na wenzako wote.

Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuja kutoka kiwanda kimoja upande wa Athi River, alifika siku yake ya kwanza na viatu vyeupe. Nilimweka kwenye mtaro. Baada ya saa moja nikakuta udongo wote ameutupa chini.

"Wafula, hii inaitwaje?"

"Fanya juu, Bwana Shamba."

"Na udongo uko wapi?"

"Uko chini. Lakini mama, si udongo unapenda kushuka wenyewe? Mbona nipigane na mlima?"

"Mvua nayo inapenda kushuka," Mama Kalekye alimjibu kutoka mtaro wa juu. "Rudisha, kijana, na uvue hivyo viatu vya harusi."

Alirudisha udongo wote. Jumamosi iliyofuata alikuja na buti, na akaendelea kuja kwa miaka.

Sasa nifike kwa Mwende. Alikuwa mshonaji nguo, mama wa watoto wawili, na mmoja wa wanawake watano walioanzisha kikundi. Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko mkali wa Iveti, na kila msimu mvua ilishuka na kipande chake. Mume wake alikuwa amekwisha kufa. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kukonda, na kila mtu mtaani alijua ni ugonjwa gani, ingawa siku hizo hakuna aliyeutaja kwa jina. Hata hivyo alikuja kila Jumamosi. Alichimba mapigo matatu, akapumzika ameegemea mpini, akachimba tena matatu.

Zamu yake ya kuchimbiwa matuta ilikuwa karibu, kabla ya mvua za vuli. Aliingoja sana. Alikuwa akiniambia, "Bwana Shamba, mwaka huu watoto wangu watapanda mahindi yasiyotembea."

Jumamosi moja alianguka akiwa na jembe mkononi. Hakuumia, lakini niliogopa. Jumatatu nilichukua orodha ya kazi iliyobandikwa kwenye mlango wa stoo, nikalifuta jina lake kwenye safu ya jembe. Upande wa chini niliandika kichwa kipya, Wanaosaidiwa, na chini yake nikaandika Mwende. Nilipanga apelekewe mboga nyumbani. Niliona nimefanya wema. Nilikumbuka hata maneno ya mkubwa wangu wa wilaya: kila mtu kulingana na nguvu zake.

Mwende alikuja Jumamosi hiyo, akasoma mlango, akaondoka. Jumamosi ya pili hakuja. Mboga tulizompelekea zilirudi kwenye kiondo kilekile. Mchana huo kikundi kilichukua majembe na kwenda kwa mwanachama mwingine.

"Si leo ni zamu ya Mwende?" niliuliza.

Mama Kalekye aliweka jembe chini. "Zamu gani? Si wewe ulimtoa?"

"Nilimtoa kwenye jembe. Sikumtoa kwenye kikundi."

"Mwethya ni jembe, mwanangu. Aliye kwenye orodha ya jembe ndiye anachimbiwa. Ndiye anazikwa na sisi. Sasa umeandika pale mlangoni, watu wote wasome, kwamba huyu ni wa kupewa." Alipunguza sauti, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Mtu hajafa, na wewe umeshamtoa kwa walio hai."

Nilisema nitalirudisha jina lake mara moja. Akatikisa kichwa. Wengine walikuwa wamesimama wakitusikiliza, na mmoja wao, mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni, akasema bila ubaya, "Tukimrudisha bure, na mimi nikichoka nitakaa. Mtu anachimbiwa kwa sababu anachimba. Apewe kazi. Kazi ya kweli, si ya kuonewa huruma."

Nilitembea hadi kwa Mwende jioni ile. Alikuwa kwenye cherehani, anapinda sare ya shule. Hakunikaribisha kukaa.

"Nimekuja kuomba msamaha," nilisema.

"Kwa sababu gani? Si nimeletewa sukuma?"

"Nilikosea, Mwende. Nilidhani nakupunguzia mzigo."

"Ule mzigo ulikuwa wangu," alisema. Aliendelea kushona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi. "Mimi najua siwezi kuchimba kama Wafula. Lakini nilikuwa nachimba."

Nilimwuliza macho yake yakoje. Alinitazama kwa dharau kidogo. "Natia uzi kwenye sindano bila miwani. Mbona?"

Ndipo nilipotoa kichupa cha pimamaji mfukoni. Miaka yote hiyo, hapo mjini, kusoma pimamaji ilikuwa kazi yangu mimi. Sikuwahi kumwachia mtu. Sasa nilimweleza kama nilivyokueleza wewe, nikamwambia ni kazi inayotaka mtu asiye na haraka, na kwamba mstari ukikosea, kazi ya watu ishirini inapotea. Alikishika kichupa kile, akakiinamisha huku na huku, akakitazama kiputo kikikimbia.

"Na wakinibishia?"

"Wewe ndiye unasoma. Hata mimi nitakutii."

Jumamosi tulimwekea stuli katikati ya kamba. Wafula alishika fimbo ya mbele.

"Kukaa kwa stuli nayo siku hizi ni kazi?" alisema. "Basi mimi niandikwe kazi ya kulala."

"Panda, Wafula," Mwende akasema.

"Nimepanda."

"Bado. Panda tena."

"Hapa ni sawa kabisa, dada. Hata jicho linaona."

"Mimi nasoma maji. Wewe unasoma sufuria ya isyo. Panda."

Kikundi kikaangua kicheko, na Wafula akapanda nusu hatua. Kiputo kikatulia. Mama Kalekye mwenyewe ndiye aliyekipiga kigingi kile, kisha akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, mtaa mzima usikie, nilete kalamu. Jina la Mwende likarudi kwenye safu ya jembe. Kichwa cha Wanaosaidiwa nilikifuta mwenyewe, na hakikuandikwa tena muda wote niliokifanyia kazi kikundi kile.

Juma lililofuata majembe yalikwenda Iveti. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mwende alisoma mistari ya shamba lake mwenyewe, akiwa ameketi kwenye stuli tuliyoisogeza hatua kwa hatua mlima mzima. Jua lilipokaribia kutua bado mstari mmoja ulibaki, na yeye alikuwa amechoka. Nikausoma mimi, upesi upesi, ili watu wapate kumaliza.

Mvua ilinyesha siku nne baadaye. Tulikwenda kutazama. Matuta matatu ya Mwende yalikuwa yamejaa maji yaliyotulia kama kwenye karai. La nne lilikuwa limebomoka pembeni. Lilikuwa langu. Mwende aliliangalia, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlango akacheka.

"Bwana Shamba, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Aliishi akavuna mahindi ya msimu huo na wa pili. Mvua zilizofuata hakuzifikia. Siku ya mazishi kikundi kilikuja na majembe, bila kuulizana ni zamu ya nani. Wanaume walichimba kaburi, Wafula akiwa wa kwanza kuingia. Baada ya hapo, akina mama walipanda juu wakatengeneza lile tuta la nne, ambalo lilikuwa bado limebomoka. Mama yake Mwende na watoto wamelima hapo hadi leo.

Nilistaafu kabla ya umri wangu, mgongo uliponikataa. Nilirudisha ofisini buti, vitabu na baiskeli. Pimamaji yangu niliwaachia kikundi, na nasikia hadi sasa husomwa na yule ambaye siku hiyo hana nguvu za kuchimba. Mkubwa wangu wa wilaya hakukosea aliposema kila mtu kulingana na nguvu zake. Mimi ndiye niliyesoma maneno hayo kana kwamba mwenye nguvu kidogo hana kazi.

Basi Jumamosi, ukifika langoni, usikimbilie jembe. Waulize ni nani kati yao aliye dhaifu siku hiyo, na kazi yake ni ipi. Kama hana, tafuteni pamoja naye kazi anayoiweza, uandike jina lake kwenye orodha, ndipo uchukue jembe lako.